Orodha Ambayo Hakuna Aliyeipanga

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, niliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ndogo ya kugawa fedha za msaada wa ada. Waombaji waliotimiza masharti walikuwa zaidi ya mia mbili, na fedha zilizokuwapo zilitosha watu sitini. Tulibishana kwa saa nzima kuhusu nani ni fukara kuliko nani, hadi mjumbe mmoja alipopendekeza kanuni ambayo sote tuliiona kuwa haina upendeleo: aliyetangulia kuomba atangulie kupata. Afisa wa TEHAMA akaombwa atuletee orodha kutoka katika mfumo. Akaileta. Mwenyekiti akapiga mstari chini ya jina la sitini, tukatia saini, tukaondoka.

Siku chache baadaye mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini kwangu. Aliniamkia, akakaa, akaniwekea mezani stakabadhi ya maombi yake. Ilikuwa na tarehe ya siku ya kwanza kabisa ya kupokea maombi, asubuhi, dakika chache baada ya saa mbili. Jina lake lilikuwa katika ukurasa wa mwisho wa orodha yetu. Nilimwuliza kama kulikuwa na jambo lolote alilolibadilisha baada ya kuomba. Akafikiri kidogo, akasema, “Nilirekebisha namba ya simu tu, Mwalimu. Ile ya kwanza laini yake ilipotea.”

Nilikwenda kwa afisa wa TEHAMA nikamwomba atoe orodha ile ile kwa mara ya pili. Majina yalikuwa yale yale, lakini mfuatano ulikuwa mwingine. Watu watatu waliokuwa juu ya mstari wa mwenyekiti sasa walikuwa chini yake, na wengine watatu walikuwa wamepanda. Afisa alinitazama kwa mshangao usio na hila. “Mimi sikupanga chochote, Mwalimu,” akasema. “Kompyuta ndiyo iliyoileta hivyo.”

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio ulionisumbua. Hapakuwa na rushwa, wala ndugu wa mtu, wala jina lililopenyezwa usiku. Palikuwa na orodha ambayo hakuna mtu aliyeipanga, na kamati ya watu wazima walioamini kwamba imepangwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kwa uvivu wa mtu ambaye si mtaalamu wa kompyuta, historia ya jambo hili: ilikuwaje tukawa na mashine zinazohifadhi kumbukumbu zetu zote, lakini zisizoahidi chochote kuhusu nani atatajwa kwanza?

Jibu la historia lilinishangaza, kwa maana kukosekana kwa mpangilio hakukuwa ajali. Kulikuwa uamuzi, na uamuzi huo ulifanywa kwa sababu njema.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Katika miaka ya 1950 na 1960 kumbukumbu nyingi za kompyuta zilikuwa juu ya kadi zilizotobolewa na kanda za sumaku. Kanda husomwa kama kaseti ya muziki: huanza mwanzo ikaenda hadi mwisho. Ukitaka kumbukumbu ya mtumishi namba 4,000, unapita kwanza kwa wale waliomtangulia. Kwa hiyo mpangilio ulikuwa kitu cha kimwili, kama mafaili kabatini. Mtunga programu alijua kwamba rekodi zimepangwa kwa namba, na programu yake ilijengwa juu ya ujuzi huo.

Hata diski zilipokuja, mazoea yalibaki. Kampuni ya IBM, kwa kushirikiana na Rockwell na Caterpillar, ilianza mwaka 1966 kujenga mfumo ulioitwa IMS kwa ajili ya mradi wa Apollo, ili kufuatilia orodha ndefu ya vipuri vya roketi ya Saturn V. Data zake zilikaa kama mti: shina, matawi, vitawi. Mwanazuoni mwingine wa kizazi hicho, Charles Bachman, alijenga mifumo ambamo rekodi zilifungamanishwa kama pete za mnyororo. Alipopewa tuzo ya Turing mwaka 1973, alimfananisha mtunga programu na nahodha anayetafuta njia yake kati ya rekodi. Ni picha nzuri, lakini nahodha anayetegemea mawe fulani yawe mahali fulani hupata shida siku mawe yanapohamishwa.

Aliyeliona tatizo hilo kwa uwazi zaidi alikuwa Edgar Codd. Alizaliwa mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza, akasoma Oxford, akarusha ndege za kijeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akahamia Marekani na kuajiriwa na IBM. Wasomaji wa ukurasa huu watapenda kujua kwamba mwaka 1953 aliihama Marekani akaenda Kanada kwa kuchukizwa na Seneta Joseph McCarthy na msako wake wa watu wenye mawazo yasiyopendwa na wakubwa. Baadaye alirudi, akapata shahada ya uzamivu Michigan, akaishia katika maabara ya IBM huko San Jose, California.

Mwezi Juni 1970 Codd alichapisha makala ambayo wanafunzi wa kompyuta bado wanaisoma, juu ya muundo wa kimahusiano wa data kwa ajili ya benki kubwa za data zinazotumiwa na watu wengi. Katika kurasa za mwanzo anataja aina tatu za utegemezi zilizoitesa mifumo ya wakati wake, na ya kwanza anayoitaja ni utegemezi wa mpangilio. Hoja yake ni hii: kama vipuri vimehifadhiwa kwa kufuata namba zao, watu watatunga programu zinazodhani kwamba vitakuja daima kwa mfuatano huo. Siku itakapolazimu kuvihifadhi kwa mfuatano mwingine, programu hizo zitaharibika, ingawa hakuna kipuri hata kimoja kilichobadilika.

Dawa aliyoitoa ilitoka katika hisabati. Tuichukue data, alisema, kuwa ni seti. Katika seti kitu kimo au hakimo. Hakuna cha kwanza wala cha pili. Jedwali la watumishi, kwa mtazamo huu, ni mkusanyo wa kauli za kweli: fulani anafanya kazi idara fulani, fulani analipwa kiasi fulani. Kweli hizo hazipangi foleni. Namna zinavyokaa ndani ya diski iwe siri ya mashine, na mwenye kuuliza asilazimike kuijua. Akitaka mfuatano, aseme mwenyewe anataka upi.

Naona katika wazo hili kitu cha ukombozi. Kabla ya Codd, mpangilio uliwekwa na aliyehifadhi, na kila aliyekuja baada yake alilazimika kuuheshimu. Codd alihamisha mamlaka hayo kutoka kwa mwenye ghala akampa mwenye swali. Karani, mtafiti au mwananchi angeweza kuuliza kwa mpangilio wowote autakao, bila kuomba ghala lijengwe upya.

IBM haikulipokea wazo hilo kwa haraka, kwa kuwa IMS ilikuwa inauzika vizuri. Lakini watafiti hawakusubiri. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa San Jose, walieleza lugha ya kuuliza maswali kwa maneno yanayokaribia Kiingereza cha kawaida. Waliiita SEQUEL, baadaye ikawa SQL, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa alama ya biashara ya kampuni nyingine. Boyce alifariki mwaka huo huo, akiwa kijana. Huko Berkeley chuo kikuu kilijenga mfumo wake, Ingres. Mwaka 1979 kampuni ndogo ambayo leo tunaiita Oracle ilianza kuuza wake. Mwaka 1981 Codd naye alipewa tuzo ya Turing. SQL ikatangazwa kuwa lugha sanifu nchini Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987.

Katika usanifu huo wajibu wa muulizaji ulibaki wazi. Anayetaka mistari ya majibu ije kwa mfuatano fulani huongeza mwishoni mwa swali lake maneno mawili, ORDER BY, na kutaja kigezo: kwa tarehe, kwa jina, kwa namba. Asipoyaandika, usanifu unasema kwamba mfuatano utategemea mfumo wenyewe, na mfumo hauna deni kwake.

Hapa ndipo historia inapoingia katika mwenendo wa binadamu. Ahadi haikuwapo, lakini mazoea yalikuwapo. Jedwali dogo, lililojazwa mstari mmoja baada ya mwingine na kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida hurudisha mistari kwa mfuatano ule ule ulioingizwa. Mtu hujaribu mara moja, mara kumi, mara mia, na kila mara anaona waliotangulia wametangulia. Anaacha kuandika yale maneno mawili, kwa kuwa kazi inakwenda bila hayo. Maji hufuata mkondo, na mashine nayo hufuata njia iliyo nyepesi kwake kwa wakati huo. Anayetazama huuona mkondo akadhani ni sheria.

Ndani ya mashine, hata hivyo, kuna chombo kinachochagua njia upya kwa kila swali. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa San Jose walieleza jinsi mfumo unavyoweza kupima gharama ya njia mbalimbali na kuchagua iliyo nafuu: kusoma jedwali zima, au kupitia faharasa, au kuunganisha majedwali mawili kwa namna hii au ile. Jedwali likikua, faharasa ikiongezwa, njia iliyo nafuu hubadilika, na mfuatano wa majibu hubadilika pamoja nayo. Hakuna anayejulishwa, kwa sababu kwa mashine hakuna kilichobadilika. Seti ni ile ile.

Matukio ya kuumbuka yako mengi katika kumbukumbu za fani hii. Mwaka 2005 Oracle, katika toleo la 10g la awamu ya pili, ilianza kutumia njia ya haraka zaidi ya kukusanya mistari katika mafungu. Njia ya zamani ilikuwa inapanga mafungu kama matokeo ya pembeni ya kazi yake. Njia mpya haikuwa na haja ya kupanga. Ripoti zilizokuwa zikitoka zimepangwa vizuri kwa miaka zikaanza kutoka zimevurugika. Mwaka 2008 PostgreSQL, mfumo wenye asili yake Berkeley, ilileta katika toleo la 8.3 utaratibu wa kuwasaidia watu wanaosoma jedwali kubwa kwa wakati mmoja. Anayeanza kusoma wakati mwenzake amefika katikati huungana naye pale alipofika, kisha hurudi mwanzo kumalizia sehemu iliyobaki. Kazi hukamilika upesi, lakini mtu wa kwanza katika orodha yake ni yule aliyekuwa katikati ya jedwali.

Katika mfumo huo huo wa PostgreSQL, unaporekebisha mstari, mstari wa zamani haufutwi papo hapo na kuandikwa juu yake. Nakala mpya huandikwa mahali pengine penye nafasi, mara nyingi nyuma ya wengine, na ile ya zamani husubiri kufagiliwa. Ikishafagiliwa, nafasi yake huweza kukaliwa na mgeni aliyeingia leo. Aliyekuja asubuhi ya kwanza akarekebisha taarifa zake anaweza kujikuta mwishoni, na aliyekuja siku ya mwisho akakalishwa kwenye kiti chake cha mbele. Niliposoma maelezo hayo nilifunga kompyuta, nikamkumbuka yule binti na namba yake ya simu.

Wapo watakaosema kwamba si neno: kama mashine haimjui mtu, basi orodha yake ni kama bahati nasibu, na bahati nasibu ni haki kwa wote. Hoja hii nimeisikia katika vikao zaidi ya kimoja. Ina kosa kubwa ndani yake, na historia ina mfano mchungu wa kosa hilo, ingawa unatoka nje ya kompyuta.

Tarehe 1 Desemba 1969, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya Marekani iliendesha bahati nasibu ya kuamua vijana gani waitwe jeshini kwanza. Tarehe 366 za kuzaliwa ziliwekwa ndani ya vidonge vya plastiki na kuokotwa kimoja kimoja mbele ya kamera za televisheni. Ya kwanza kuokotwa ilikuwa 14 Septemba. Waliozaliwa siku hiyo walipewa namba moja. Vidonge vilikuwa vimeingizwa mwezi baada ya mwezi, kuanzia Januari, na havikuchanganywa vya kutosha. Wachambuzi wa takwimu walipoyapima matokeo waliona mteremko wa wazi: wastani wa namba za waliozaliwa Januari ulikuwa takriban 201, na wa Desemba takriban 121. Katika zoezi hilo walioitwa waliishia namba 195. Mwenye kuzaliwa mwishoni mwa mwaka alikuwa karibu zaidi na vita, kwa sababu tu tarehe yake ilikuwa imeingizwa mwishoni. Mwaka uliofuata utaratibu ulibadilishwa, uchanganyaji ukafanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Hakuna aliyewachagua vijana wa Desemba. Lakini kutopanga kulizaa mpangilio, na mpangilio huo uliwaangukia watu waliokuwa na majina na mama zao. Bahati nasibu ya kweli ni kazi inayofanywa makusudi, inayopimwa na kukaguliwa. Orodha ambayo haikuombewa mfuatano imebeba historia iliyofichika: nani aliingizwa lini, nani alirekebishwa, nani alifutwa, nani alikuwa akisoma jedwali wakati huo. Historia hiyo inaweza kuwaelemea watu wa aina moja bila mtu yeyote kutambua. Fikiria ni nani hurekebisha taarifa zake mara kwa mara: anayehamahama vyumba vya kupanga, anayebadili laini za simu, ambaye jina lake liliandikwa vibaya tangu shule ya msingi. Mara nyingi ni huyo huyo ambaye msaada ulikusudiwa umfikie.

Baadhi ya mafundi wameona hatari hii wakaamua kuwafundisha wenzao kwa ukali. Mfumo wa SQLite, uliomo katika simu nyingi tunazobeba, una amri inayogeuza makusudi mfuatano wa majibu yasiyoombewa mpangilio, ili mtunga programu aone kama kazi yake inategemea kitu ambacho hakuahidiwa. Watengenezaji wa lugha ya Go, walipotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2012, waliamua kwamba moja ya miundo yake ya kuhifadhi data ibadilishe mfuatano kila inaposomwa, mazoea yasipate pa kuota mizizi. Naupenda uamuzi huu. Jambo lisiloahidiwa ni afadhali lionekane hivyo tangu siku ya kwanza, kuliko litii kwa miaka kumi kisha ligeuke siku ya kugawa fedha.

Narudi kwenye kamati yetu. Niliandika barua nikieleza niliyoyaona, nikaomba orodha itolewe upya kwa tarehe na saa ya maombi. Nilijibiwa kwamba majina yamekwisha kubandikwa, kwamba mfumo hauna upendeleo, na kwamba kufungua tena jambo hilo kungeleta manung’uniko. Muhula uliofuata yule binti hakuwapo darasani kwangu. Saini yangu iko kwenye orodha ile, ya tatu kutoka juu, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma: orodha yoyote inayoamua nani apate na nani akose iandikwe juu yake, kwa maneno, imepangwa kwa kigezo gani. Kigezo hicho kiwe kimeamuliwa kabla ya orodha kutolewa. Pale ambapo wawili wanalingana, itajwe pia ni nini kitakachowatenganisha, maana mashine iliyoambiwa ipange kwa tarehe tu itawapanga waliokuja tarehe moja kama ipendavyo. Na mkiamua kutumia bahati nasibu, iendesheni hadharani kama bahati nasibu, msijifiche nyuma ya orodha.

Kwa wanafunzi wangu wa kompyuta: yale maneno mawili ni mafupi. Yaandikeni.

Kwa wanaharakati: tumezoea kuuliza nani aliiba, nani alihongwa, nani ni shemeji wa nani. Maswali hayo yana kazi yake. Lakini mtakutana zaidi na zaidi na maofisa wasio na hatia watakaosema kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta hivyo. Msiwatukane, wala msikubali jibu hilo likafunga mjadala. Ombeni muoneshwe swali ambalo kompyuta iliulizwa, mtazame mstari wake wa mwisho. Kama hakuna kigezo kilichoandikwa pale, basi hakuna uamuzi uliofanywa bado, na kikao kinapaswa kuitishwa upya.